Rangi ya Haradali

Coyhaique, mwezi wa saba. Moshi wa kuni umeulalia mji
kama paka asiyetaka kufukuzwa kitini,
na uwanjani kwa Yerko magari mawili yanatungoja,
theluji hadi kwenye rimu.

La kijivu ni la dizeli, gia za mkono.
La pili otomatiki, nalo limepakwa haradali,
rangi ambayo kwa miaka arobaini nimeiita,
mbele ya mashahidi, rangi ya nepi.

Eliecer ana daftari. Jana usiku kapiga mistari kwa rula:
kimo cha tumbo toka ardhini,
la kijivu sentimita ishirini na moja, la haradali kumi na tisa;
buti, mafuta, uzito,
bei ya taa ya nyuma ikivunjika
(hiyo kaipigia simu hadi Puerto Montt).
"Sentimita mbili," ananiambia, akizipima kwa vidole,
"ndizo zinazomtenga mtu na jiwe."

Tukaanza na la kijivu.
Njia ya Villa Ortega, changarawe imeganda,
upepo unagonga mlango kama mdai.
"Sikia injini hiyo," akasema.
Mimi nilisikia kitu kingine:
kila akikanyaga klachi, maneno yake yanakatika.
Klachi, kimya.
Klachi, kimya.
Kwenye mteremko kondoo wa mtu walikuwa wanavuka
bila haraka, kama wamelipia barabara.
Simama, enda, simama. Mara ya tisa
mkono wake wa kushoto ukateremka chini ya usukani,
ukaliinua goti
vile unavyomsaidia mtoto kupanda kitanda.

Goti hilo halitajwi nyumbani kwetu.
Tangu alipoanguka kutoka paa la banda
yeye husema, "Ni baridi,"
nami huitikia, "Kweli, baridi,"
hata Januari, saa tatu ya usiku,
jua likiwa bado dirishani.
Mficha maradhi methali anayo.
Mkewe hana. Mkewe ameachiwa kazi
ya kutoona.

Kisha la haradali.
Sina mengi ya kusema juu yake.
Viti vyake vinanuka plastiki, kioo cha nyuma ni chembamba,
na mguu wake wa kushoto ulikaa pale chini
kama mgeni aliyeambiwa asioshe vyombo.
Tulipofika darajani alikuwa anapiga mluzi.
Hakujua. Sikumwambia.

Yerko akatumiminia kahawa. "Haya, wazee wangu?"
Eliecer akafungua daftari, akajumlisha kwa penseli:
la kijivu, kumi na moja kwa sita.
Nikaweka kiganja juu ya boneti ya lile jingine,
bado ina joto.
"Mimi nataka hili."
"Kwa nini?"
"Rangi."

Akanitazama.
Upepo ukafunua kurasa mbili tatu za daftari, ukazirudisha.
"Rangi," akasema, polepole,
kama mtu aliyehesabu chenji yake dukani
akaikuta imezidi,
na muuzaji ameshageuka.
Akafunga daftari.
"Andika, Yerko. Mama kapenda rangi.
Nitafanyaje?"

Tulipofika nyumbani Otilia alikuwa nje na koleo lake.
"Bikira Mtakatifu! Rangi gani hiyo, Mirta?"
Eliecer alikuwa anashuka.
Mguu mmoja. Mkono kwenye fremu ya mlango.
Mguu wa pili, baadaye.
Nikasimama katikati yao, mgongo wangu kwa gari,
nikamweleza Otilia habari za haradali:
inavyoonekana mbali kwenye ukungu,
isivyoonyesha tope,
inavyonikumbusha sijui nini,
nikaeleza, nikaeleza,
mpaka nikasikia kitasa cha mlango wetu
kikizungushwa.